Masikio Manne ya Ruaha

Ramani ilipotandazwa mezani, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni mto. Mwaka 2048 waliuchora kilomita tatu kaskazini ya maji yake, na kwa miaka mitano kijiji chetu cha Chihembwe kikawa, kwa mujibu wa serikali, kiko chini ya Ruaha pamoja na kambare. Tuliomba zahanati tukaambiwa hapo hapana watu. Nakumbuka. Nakumbuka hata jina la aliyetuandikia hivyo na rangi ya wino wake.

"Safari hii mto upo mahali pake, Mama Sechelela," akasema Mhandisi Mwakanema.

Alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, miaka thelathini na kidogo, vumbi la barabara limemkaa hadi kwenye nyusi. Alitumwa na Kikosi cha Mipaka kupanga upya kanda za Mtandao wa Masikio, nchi nzima, kijiji kwa kijiji. Sisi tulikuwa wa mia mbili na kumi na moja.

"Mto nimeuona," nikasema. "Mstari je?"

"Mstari ndio uliotuleta."

Mstari wenyewe ulikuwa mwekundu, umelala katikati ya maji. Kaskazini yake Kanda ya Kati, ambako ndiko sisi Wagogo wa Chihembwe. Kusini yake Kanda ya Nyanda, ambako, ng'ambo tu ya daraja la kamba, wapo Wahehe wa Mlengulo. Kila kijiji kina Masikio mawili. Sikio ni chombo cha ukubwa wa ndoo ya lita kumi. Kazi yake ni kusikiliza ardhi na kusema kilichosikika. Masikio ya kanda moja yanasema kwa Baraza la kanda hiyo, na Baraza si watu, ni mashine iliyofungiwa mjini. Masikio matatu yakisema neno moja kwa pamoja, Baraza linapiga mabaragumu, linasimamisha treni, linafunga milango ya bwawa. Mawili hayatoshi. Linangoja la tatu.

Kwetu hata mtoto wa chekechea anakwambia kwa nini kungoja ni kufa. Tetemeko linatanguliza watu wawili. Wa kwanza ana mbio na mikono mitupu, anatikisa vikombe tu, tunamwita Mkimbiaji. Wa pili ana miguu mizito, ndiye anayebomoa nyumba. Huyo ni Mbebaji. Matetemeko yetu yanatoka pori la magharibi, ambako hakuna hata kituo kimoja, na yakitoka huko Mkimbiaji anamtangulia Mbebaji kwa sekunde kumi na moja. Mtandao wote huu, nyaya zote, mishahara yote, vimewekwa kwa ajili ya sekunde hizo.

Miaka miwili iliyopita, Jumanne ya Septemba, saa nne asubuhi, Masikio yote manne ya mtoni yalisikia. Mawili yetu yakasema kwa Baraza la Kati, likajibu: mawili tu, nangoja. Mawili ya Mlengulo yakasema kwa Baraza la Nyanda, nalo likajibu hivyo hivyo. La tatu la kila upande liko mbali, kilomita sabini na zaidi. Lilipokuja kusema, Mbebaji alikuwa ameshapita. Wao walizika kumi na tisa. Sisi saba. Mmoja wa saba hao ni mdogo wangu Yulita, aliyekuwa kwenye foleni ya zahanati, ameegemea ukuta.

"Msomee pendekezo," akasema Mwenyekiti Lechipya, ambaye hukaa mbele ya kila ugeni na shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali namna gani. "Msomee, ni zuri."

Mhandisi akaweka kidole juu ya ramani. Mstari mwekundu ungepinda kusini kidogo, kama tumbo la mfuko, ukachukua Sikio la Mlengulo lililo karibu na majaruba ya mpunga, ukalileta Kanda ya Kati. Chihembwe tungekuwa na matatu. Baragumu letu lingelia ndani ya nusu sekunde.

Watu waliojaa mlangoni wakaguna kwa furaha.

"Na Mlengulo?" nikauliza.

"Watabaki na moja. Kiufundi bado watakuwa chini ya uangalizi wa Baraza la Nyanda."

"Kiufundi hata wafu wetu walikuwa chini ya uangalizi. Kwa nini Sikio moja lisiseme kwa Mabaraza mawili? Lina ndimi mbili. Mimi nimelifungua, nimeziona."

Hapo nieleze: mimi darasa la sita nilitolewa nikachunge mbuzi wa baba. Mitambo nimejifunza kwa kufungua redio zilizokufa na kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo wenzangu walikuwa wakifungia karanga. Ndiyo maana Mhandisi alinitazama mara mbili.

"Sheria ni Sikio moja, kanda moja," akasema. "Baragumu likilia bure, daktari anaacha mgonjwa mezani, treni inafunga breki watu wanavunjika. Baraza likilia bure mara tatu kwa mwaka linanyamazishwa siku tisini lichunguzwe. Sasa wewe niwekee Sikio bovu linalosema kwa Mabaraza mawili. Siku moja tu linanyamazisha kanda mbili. Watu milioni nne wanalala bila mlinzi, mama. Sheria hii haikuandikwa na wajinga."

Nikainama kuutazama tena mstari.

Akanisogezea karatasi. Msimamizi wa Masikio wa kijiji, yaani mimi, anathibitisha kwamba Masikio yake ni mazima na yamekaa juu ya mwamba. Chini, sahihi.

Nikaisoma, kisha nikatazama pembeni. Pale kwenye kona ya ofisi ile ile, juu ya sakafu ya saruji, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, lilikuwa Sikio letu namba mbili.

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

Nyuma yangu mtu akasema, "Leo amekuwaje? Barua zote zile za kuulalamikia mstari, halafu anaomba kesho."

---

Nilivuka daraja jua likiwa bado juu. Kihwele, msimamizi wa Masikio ya Mlengulo, nilimkuta kwenye jaruba lake, maji yamemfika kwenye muundi, ameinamia mpunga. Ni mzee kunizidi kidogo, zamani alikuwa dereva wa greda, na mpaka leo hutembea kama mtu anayeshuka kwenye ngazi ndefu.

"Kamwene, mla mbwa," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Mbukwa, ombaomba," akanijibu kwa Kigogo. "Leo sina kitu, rudi Ijumaa."

Wagogo na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kuchomana mikuki. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huwezi kununa. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Mtani hakusifu kamwe, hata ungemjengea ghorofa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, akilalamika kwamba umekufa msimu wa kulima makusudi. Kaburi la Yulita alilichimba Kihwele. Alilia huku akimtukana kwa urefu wake, kwamba amemwongezea kazi.

"Amekuja kwenu yule wa mipaka?" nikamuuliza.

"Jana. Kaniletea ramani." Akanawa mikono taratibu. "Mstari unapinda kaskazini, unachukua Sikio lenu la mlimani. Sisi matatu, nyinyi moja."

Nilisimama pale tuta likididimia chini ya miguu yangu. Kwa hiyo ramani zilikuwa mbili.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nitafikiri."

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri kukuibia," akasema. "Nina wajukuu wanne, Sechelela. Nilifikiri mpaka nikala nusu ya chakula changu tu. Wewe umekuja kuniambia unaniibia, au umekuja kuomba mchele?"

Nikamwambia nimekuja kumwambia kitu kingine. Nikakaa juu ya tuta. Nilikuwa nimebeba kitu hicho muda mrefu, na nilipokitoa kilitoka kwa vipande.

"Namba mbili letu liko kwenye sakafu."

"Sakafu ya nini?"

"Ya ofisi. Juu ya saruji."

Kihwele alikunja uso. Anajua kama ninavyojua. Sikio linatakiwa lichimbiwe juu ya mwamba, mbali na watu. Likikaa kwenye sakafu linasikia milango, viti, akina mama wanaotwanga uwele uwanjani, ngoma. Likisikia hayo kila siku linajifunza kuyapuuza, na likishazoea kupuuza, siku ya kweli linasitasita.

"Nani kaliweka hapo?"

"Mimi na Lechipya. Lilipoletwa tuliambiwa tukalichimbie kwenye jabali, kilomita mbili, huko kwenye fisi. Tukaona haiwezekani. Chombo cha serikali, kimetoka mbali, kimefungwa kwenye makaratasi, ukitupe nje kama gunia la mavi ya ng'ombe? Mgeni analala ndani. Tukalipatia chumba kizuri kuliko vyote kijijini. Mimi nikasaini kwamba liko mwambani. Tukalifunika kitambaa."

"Kitambaa cha nini?"

"Cha kufuma."

"Kina maua?"

"Kina maua."

Alianza kutikisika mabega. Kisha akacheka mpaka akakaa ndani ya maji, suruali na yote, akicheka na kukohoa, akipiga maji kwa kiganja. "Kitambaa," anasema, "cha maua. Wagogo nyie. Na chai mlilinywesha?" Nilimwacha. Ilikuwa haki yake.

Alipomaliza, akaniuliza kwa sauti nyingine, "Hilo ndilo lililomuua Yulita?"

"Hapana. Nimepiga hesabu mpaka vidole vimeota sugu. Namba mbili lilichelewa sekunde saba siku ile, lakini hata lingewahi, tulikuwa na mawili tu. Mstari ndio uliomuua. Ila ramani hii mpya inataka matatu, na moja ya hayo matatu ni hilo. Nikisaini, nawachukulia Sikio lenu, halafu baragumu letu linalia Mbebaji ameshafika mlangoni. Mnabaki viziwi kwa ajili ya kitu kisichotusaidia." Nikavuta pumzi. "Nimewaandikia Kikosi cha Mipaka barua kumi na nne kuhusu mstari, Kihwele. Hakuna hata moja inayotaja kitambaa."

Akainuka, suruali ikimchuruzika maji.

"Mimi nikija kwako nikakuta kuku," akasema mwishoni, "nikamchinja nikamla, utanipeleka polisi?"

"Wewe ni mtani."

"Basi mimi nachukua Masikio yako yote mawili. Na wewe chukua yangu. Waambie hivyo."

"Sheria hainao utani."

"Wewe si ndiye unayejua kanuni zote kwa kichwa? Kichwa hicho cha kubebea nini?"

Ni kweli ninazijua. Nilizisoma zote mwaka ule wa msiba nikitafuta mtu wa kumshtaki. Nikaanza kuzipitia moja moja, pale kwenye tuta, nikizihesabu kwa vidole, mpaka nikafika ya thelathini na moja. Nikasimama.

Kanuni ya thelathini na moja ni ya kuazimana. Inasema: Sikio likiwa bovu, kanda yake na kanda jirani zitaazimana Masikio ya mpakani, yaseme kwa Mabaraza yote mawili, kwa ule ulimi wa pili, hadi matengenezo yakamilike kwa kuridhika kwa pande zote mbili. Hakuna idadi ya siku. Aliyeiandika alidhani watu wa pande mbili wataridhika ndani ya wiki.

"Isome tena pale mwisho," akasema Kihwele.

"Kwa kuridhika kwa pande zote mbili."

"Yaani mimi Mhehe nikubali kwa maandishi kwamba Mgogo ametengeneza kitu vizuri?"

"Ndivyo inavyosema."

Akaokota jembe lake. "Hiyo siku," akasema, "mimi na wewe hatutaiona."

Lakini ili kanuni ifunguke, lazima Sikio moja litangazwe bovu, na msimamizi wake aseme kwa nini. Hilo hakuna mtani angeweza kunisemea.

---

Asubuhi ofisi ilijaa mpaka madirishani. Kihwele alikuja na wanaume tisa wa Mlengulo wenye mitaimbo na mabeleshi, wakasimama nje wakitukosolea mbuzi wetu kwa sauti.

Sikukaa. Nikaenda pale kwenye kona, nikakivua kitambaa, nikakikunja mara nne nikakiweka mezani juu ya karatasi ya Mhandisi. Nikasema yote. Jabali, fisi, mgeni analala ndani, sahihi yangu. Lechipya alikuwa anakitazama kifungo cha shati lake.

Kisha Mzee mmoja, baba wa kijana aliyefia shuleni, akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Kwa hiyo miaka miwili umekuwa ukiwatukana wao tu?"

"Wao walistahili," nikasema. "Na mimi nilistahili. Nikachagua kusema nusu."

Mhandisi Mwakanema alikuwa amejikunja kitini. "Ulisaini kwamba liko mwambani."

"Nilisaini."

"Naweza kukuondoa usimamizi leo hii."

"Unaweza. Ila kabla hujaandika, tangaza Sikio ni bovu. Andika wewe, ndiyo kazi yako. Halafu fungua Kanuni ya thelathini na moja."

Aliifungua kwenye kibao chake cha skrini. Nilimwona akisoma, akarudi juu, akasoma tena polepole. Mtu wa kanuni akisoma kanuni mara mbili ujue ameona mlango.

"Mnataka kuazimana yote manne," akasema.

"Kila upande uazime yake. Manne yaseme huku, manne yaseme kule. Mstari wako sijaugusa, uache ulale hapo hapo kwenye maji."

"Na likilia bure? Nilikwambia jana. Kanda mbili. Mimi ndiye nitakayekuwa nimesaini, si wewe. Nani ananihakikishia kwamba mtalichimbia kwenye mwamba safari hii, hamtalipeleka kanisani?"

"Mimi," akasema Kihwele kutoka dirishani. "Sisi ndio tutakaolihamisha. Siwezi kumwachia Mgogo hata kufunga mbuzi. Baragumu letu litategemea hilo Sikio, unadhani nitaruhusu walivike na kofia?"

Watu wakacheka, kicheko kidogo, cha kwanza asubuhi ile. Mhandisi hakucheka.

"Binti," nikamwambia, "nikuulize na wewe. Ramani zako ni ngapi?"

Angeweza kusema moja.

"Mbili," akasema. "Niliambiwa Masikio mapya hayapo mpaka miaka sita ijayo. Vijiji viwili, nafasi moja. Nikaambiwa nimpe atakayesaini kwanza." Alifuta nyusi kwa kiganja, vumbi likabaki mkononi. "Nimefanya hivyo vijiji kumi na kimoja mpaka sasa. Kila mahali mtu anasaini. Kabla ya nyinyi wawili, hakuna aliyewahi kuomba kesho."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa tangu 2048, yenye tarehe. Lakini kitambaa kilikuwa mezani mbele yangu, kimekunjwa mara nne, na sikuyasema.

"Twende tukachimbe," nikasema. "Uone mwenyewe mwamba. Ukiona ni uongo, chana karatasi."

Tulikwenda. Kilomita mbili, Wahehe wamebeba Sikio kwenye machela kama bibi harusi, wakiimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, zote kuhusu sisi. Jabali lilikuwa gumu. Waligonga kwa mitaimbo mpaka saa nane. Mhandisi akalikalisha kwa mkono wake, akalipima kwa pimamaji, akafunga kifuniko. Kisha akanituma nirudi kijijini nikawaambie akina mama watwange wote kwa pamoja, mitwangio yote, kwa nguvu zote. Wakatwanga mpaka jasho. Nilipomrudia kule juu alikuwa amepiga magoti mbele ya kibao, ananionyesha mstari ulionyooka kama uzi uliovutwa.

"Halisikii kitu," akasema. "Kimya kabisa."

Akasaini ruhusa ya kuazimana akiwa amepiga magoti hivyo hivyo. Baada ya hapo akatoa ramani ya karatasi na penseli, akachora duara lililoyazunguka Masikio manne, nusu huku nusu kule, mstari mwekundu ukipita katikati ya duara kama uti wa jani. Akaandika pembeni: *matengenezo yanaendelea*.

"Nina vijiji vingine kumi na kimoja vya kurudi," akasema. "Kule walikosaini. Vina watani?"

"Waulize wanatukanana na nani," nikamwambia. "Uanzie hapo."

Jioni nilimkuta Lechipya amekaa peke yake ofisini, anaitazama ile kona.

---

Kila mwezi fomu ya kuridhika ilikwenda Mlengulo, na kila mwezi ilirudi na sababu. Mwezi wa kwanza: shimo linaonekana la kivivu. Mwezi wa pili: mfuniko umekaa upande, kama kofia ya mlevi. Wa tatu: msimamizi aliwapa mafundi mlenda usio na chumvi. Kikosi cha Mipaka kiliandika kuuliza kama mlenda ni sehemu ya chombo. Kihwele alijibu kwa ukurasa mzima kwamba ni sehemu ya matengenezo. Barua ile ninayo, ndiyo barua pekee ya serikali niliyoihifadhi kwa furaha. Hakuna baragumu lililolia bure, huku wala kule.

Mwezi wa saba wa fomu hizo, Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa zahanati kwenye foleni ya presha. Nilisimama mbali na ukuta. Sote husimama mbali na ukuta siku hizi. Kikombe kilicheza kwenye sinia la nesi. Kabla sijageuza shingo, baragumu likalia.

Sikuwahi kulisikia likilia kwa kweli. Ni sauti mbaya, kama ng'ombe aliyekanyagwa. Na papo hapo, juu ya sauti hiyo, nikasikia nyingine ikitoka ng'ambo ya mto. La Mlengulo. Yalilia pamoja.

Sekunde kumi ni nyingi kuliko unavyodhani. Nesi alimbeba mama aliyetoka kujifungua, mimi nikabeba mtoto, tukatoka. Shule ilimwagika uwanjani. Nilimwona Lechipya akikimbia, shati limetoka kwenye suruali, amembeba mama yake mzazi mgongoni. Nikahesabu kwa sauti bila kujua kwamba nahesabu: saba, nane, tisa.

Kisha Mbebaji akapita. Alikuja kutoka magharibi kama siku ile, akaitikisa nchi tukiwa tumekaa chini tumeshikana. Ukuta wa zahanati, uliojengwa upya, ukapasuka kwa urefu, ukalala. Ofisi ya kijiji ilishuka paa. Vumbi likapanda, likafunika kila kitu, na ndani ya vumbi hakuna aliyelia kwa maumivu. Walilia kwa hofu tu. Ukishasikia kilio cha aina ile nyingine, huwezi kukosea tofauti yake.

Watu wote waliteremka mtoni, mbali na majengo. Wa Mlengulo nao waliteremka upande wao. Daraja lilikuwa limekatika kamba moja, limening'inia, hakuna wa kuvuka. Ruaha ya kiangazi haikuwa na upana wa kushinda sauti. Tukasimama tunatazamana, vijiji viwili, weupe kwa vumbi kama watu waliopakwa unga.

Lechipya alianza kutuhesabu, akachanganya, akaanza tena, akachanganya.

"Acheni," sauti ya Kihwele ikaja juu ya maji, kwenye kipaza sauti cha chama cha umwagiliaji. "Nyie mtajidanganya. Simameni mstari, tuwahesabu sisi. Na nyie mtuhesabu."

Tukajipanga. Wakatuhesabu kwa vidole vilivyonyooshwa, watatu watatu wakihakikishana, wakitutaja kwa majina ya matusi ambayo wametupa miaka yote: Miguu ya Korongo, Baba Vumbi, Yule wa Barua. Ilichukua muda. Yule mtoto mchanga mikononi mwangu, ambaye hakuwa na saa hata tatu duniani, walimhesabu pia, wakaniuliza kama naye anaomba chumvi.

"Mia nne na kumi na tisa," Kihwele akasema. "Na huyo mpya, ishirini. Mlikuwa wangapi?"

"Mia nne na kumi na tisa," Lechipya akajibu, akakaa chini kwenye mchanga.

Ikawa zamu yangu. Nilimpa nesi mtoto. Nikasogea mpaka maji yakanifika magotini, nikaanza kutoka kushoto, kwenye wajukuu wanne wa Kihwele, nikaenda mpaka kulia, kwenye ajuza aliyekalishwa juu ya mfuko wa mpunga. Orodha ya watu wanaolindwa na Masikio yao nilikuwa nayo kichwani, kaya kwa kaya. Kuijua ni wajibu wa aliyeazima.

"Mia tatu na sitini na mbili," nikasema. "Wote."

Kipaza sauti kilikoroma tu, kisha nikasikia mtu akipumua ndani yake.

"Siamini hesabu ya Mgogo," Kihwele akasema. "Hesabu tena. Kwa majina."

Nikahesabu tena, kwa majina, kaya moja baada ya nyingine, mpaka jua likafika utosini, na kila jina nililoliita liliitika.